Samaki wa mapambo kwenye bwawa la nje: wanazaa sana, wanabaki wachache

Mtu aliyezoea kufuga samaki wa mapambo kwenye tangi la kioo akifikiria bwawa la nje, hesabu huwa nyepesi: maji mengi, jua la kutosha, chakula kinajiotea chenyewe, basi samaki watajaa. Na mimi nilihesabu hivyo. Niliweka gapi, samaki wadogo wa rangi, kwenye bwawa la saruji, majike 30 na madume 10, nikasubiri. Gapi huzaa watoto walio hai, na jike aliyekomaa huzaa takriban kila baada ya wiki nne. Miezi mitatu ilipopita nikapunguza maji ili nivune. Nilikuta wazazi, tena pungufu, na vifaranga 12.

Nilidhani wazazi ndio waliowala. Ni kweli gapi hula watoto wao, ndiyo maana lazima kuwe na mimea mizito ya kujifichia. Lakini nilipochota tope la chini na kulimwaga kwenye beseni jeupe, tope likaanza kutembea. Kilikuwa kidudu cha kahawia, kifupi kuliko kidole gumba, miguu sita, macho makubwa pande zote za kichwa. Nilikitia kwenye chupa ya kioo pamoja na kifaranga mmoja. Kikatulia kama jani lililooza. Kifaranga alipopita mbele yake, kitu kama mkono kilichomoka chini ya kidevu na kurudi. Sikuuona mwendo wenyewe, niliona tu kifaranga yuko mdomoni. Hicho ni kiluwiluwi cha kereng'ende. Kwenye tope la kona moja tu nilihesabu 17.

Tangu siku hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeuliza ni huu: usijaze bwawa ukaliacha wazi wiki kadhaa ukisubiri maji "yakomae". Kereng'ende hawakusubiri wewe, wanataga mapema, na samaki wako watakapoingia watakuta mabuu yameshakua na yana njaa. Mimi sasa nalikausha bwawa kabisa, tope natoa, jua linapiga mpaka sakafu inakuwa kavu. Nikijaza maji, siku hiyohiyo nafunika kwa wavu wenye matundu madogo, hata kama maji bado yanakaa ili klorini, dawa ya maji ya bomba, itoke. Wavu uinuke juu ya maji, usilale, maana ukilala kereng'ende hutaga kupitia matundu. Na tafadhali, usichukue chandarua cha kulalia kilichotiwa dawa. Dawa zake za jamii ya pairethroidi ni sumu kali kwa samaki, na mvua itazishusha bwawani. Kama bwawa ni jipya la saruji, lijaze na kulimwaga mara kadhaa kwanza, kwa sababu chokaa ya saruji hupandisha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, kupita kiasi.

Wavu huohuo utakusaidia kwa mdiria na korongo. Hasara ya ndege si idadi peke yake. Ndege humwona kwanza dume mwenye mkia mpana na rangi kali, yaani yule uliyemchagua kwa makini awe baba. Mwaka 1980 mtafiti John Endler alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba gapi wakiishi na samaki wakali wanaowawinda, madume hupungua madoa ya rangi kizazi baada ya kizazi, na adui akiondolewa rangi hurudi. Bwawa lisilofunikwa linakuchagulia mbegu, na halichagui unavyotaka wewe. Kumbuka pia kwamba jike wa gapi anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi, kwa hiyo ukichanganya aina mbili hata kwa siku chache, mchanganyiko huo utaendelea kutokea kwenye uzao.

Maji ya kijani nayo yanawatisha wengi. Mimi nayapenda, vifaranga wanakula humo tangu siku ya kwanza. Shida ni yakizidi. Mwani unaoyapa maji rangi hiyo hutoa oksijeni mchana, usiku nao unaivuta kama samaki, na hali huwa mbaya zaidi karibu na alfajiri. Alasiri kinyume chake: mwani umenyonya kabonidioksaidi, pH imepanda, na amonia iliyomo, sumu itokanayo na taka za samaki, inakuwa kali zaidi. Yapime maji kwa mkono. Uzamishe wima taratibu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, toa sehemu ya maji na uweke mengine, na punguza chakula. Halafu amka mapema siku mbili tatu ukaangalie. Samaki wakiwa wamejipanga juu wanahema kwa midomo, usingoje jua, weka pampu ya hewa au mwaga maji kwa kuyarusha.

Baridi sina mengi ya kusema. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 za selsiasi, gapi wanapoa, hawali vizuri, na magonjwa yanaingia. Bwawa lenye kina halibadiliki joto ghafla kama beseni, na penye baridi ya kweli samaki warudi ndani.

Mvua kubwa ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Bwawa likifurika, samaki wanaondoka na maji. Gapi wameshajazana kwenye mito ya nchi nyingi ambako hawakuwako, na wakishaingia hakuna wa kuwatoa. Mimi siwezi kukubali mtu afuge samaki wa kigeni kwenye bwawa linalomwagikia kijitoni. Inua ukingo, weka bomba la kupunguzia maji, na mdomo wake uzibwe kwa wavu mdogo ambao hata kifaranga wa siku moja hapiti. Majani makavu huuziba wavu huo haraka, na maji hutafuta njia nyingine ukingoni, kwa hiyo mawingu yakianza kukusanyika naenda kwanza kuusafisha.