Wakili wa Kesi ya Ulevi Barabarani: Mtafute Anayeijua Mahakama Yako

Mdogo wangu aliposhtakiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kazi ya kumtafutia wakili iliniangukia mimi, kwa sababu mwenyewe hakuwa na hamu ya kuzungumza na mtu yeyote. Ndugu na marafiki walinipa majina mengi kuliko niliyoweza kuyafuatilia: wakili aliyeshinda kesi ya urithi ya jirani, wakili wa kampuni fulani kubwa, wakili anayealikwa kwenye televisheni. Huenda wote hao ni hodari katika mambo yao, lakini kesi ya ulevi barabarani ni kesi ya vipimo, saa na makaratasi, na kila mahakama inaiendesha kwa mazoea yake. Kwa hiyo namshauri yeyote aliyefikwa na jambo hili amtafute wakili wa kesi za jinai anayesimama mara kwa mara katika mahakama ileile ambako kesi yake itasikilizwa, na ambaye, kabla ya kutaja ada, anataka kwanza kuona karatasi zilizotoka kituo cha polisi.

Sisisitizi ukaribu kwa ajili ya kupunguza nauli. Sheria zenyewe hubadilika ukivuka mpaka, hata ndani ya nchi moja. Uingereza na Wales kiwango cha juu cha kileo kinachoruhusiwa ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, ilhali Scotland ilikishusha hadi miligramu 50 mwaka 2014. Nchini Marekani, jimbo la Utah lilishuka hadi asilimia 0.05 mwishoni mwa mwaka 2018, huku 0.08 ikiendelea kuwa kipimo kilichozoeleka katika majimbo mengine. Cheki na Hungaria hazimruhusu dereva kileo hata kidogo. Dereva aliyeshikwa mbali na kwake anaweza kumpigia simu wakili wake wa siku zote akapewa ushauri mzuri kabisa, ambao kwa bahati mbaya ni wa sheria ya mahali pengine.

Kuna pia mambo yasiyoandikwa katika kitabu chochote cha sheria. Wakili mwenyeji anajua kama mwendesha mashtaka wa mahakama hiyo hukubali mazungumzo kabla ya mshtakiwa kusomewa shtaka, kama hakimu huwa mwepesi wa kuahirisha kesi au la, na kipimo cha polisi hupatikana kwa kuombwa kwa nani. Huku si kujuana kwa maana mbaya. Anayekunong'oneza kwamba hakimu ni mtu wake na kwamba ukitoa kitu kidogo faili litapotea, mkimbie, kwani anakutafutia kosa la pili lililo zito kuliko la kwanza.

Jambo linalowashtua wengi ni kwamba leseni na kesi vinaweza kwenda kwa njia mbili tofauti. Katika majimbo ya California na Florida, kwa mfano, dereva ana siku 10 tu za kuomba kusikilizwa na mamlaka ya leseni, na muda huo unahesabiwa hata kama tarehe ya mahakamani bado iko mbali. Mwenye kungoja siku ya kesi ndipo atafute wakili anaweza kukuta leseni imeshazuiwa na hana tena nafasi ya kulalamika. Ndiyo maana nashauri utafutaji uanze mara tu mtu anapotoka kituoni, na swali la kwanza kwa kila wakili unayempigia liwe hili: je, kuna muda wowote wa kisheria unaokatika wiki hii?

Namna bora ya kupata jina niliyoiona ni kwenda kuketi mahakamani. Mahali pengi kesi za jinai husikilizwa hadharani, na asubuhi moja ya kusikiliza kesi za barabarani hukufundisha zaidi ya matangazo yote. Utamwona wakili anayefika akiwa hajasoma faili, na utamwona mwingine anayesimama, anauliza maswali mawili ya maana, kisha anaketi. Utawajua pia wale wanaozungumza na wateja wao kwenye korido badala ya kuwaacha wakitangatanga na hati ya mashtaka mkononi. Jina ukishalipata, lihakikishe katika orodha ya chama cha wanasheria au mamlaka inayosajili mawakili, uone kama bado ana ruhusa ya kufanya kazi na kama amewahi kuadhibiwa. Vishoka hawakosekani nje ya milango ya mahakama, nao wana suti nzuri na maneno matamu kuliko mawakili wenyewe.

Wakili tuliyemchagua hakutuvutia kwa maneno. Aliitandaza mezani karatasi nyembamba iliyotolewa na mashine ya kupima pumzi, akaweka kando yake hati ya mashtaka, kisha akapitisha kalamu polepole kwenye saa zilizoandikwa katika kila karatasi: saa ya kusimamishwa, saa ya kufikishwa kituoni, saa ya kupuliza mara ya kwanza na ya pili. Alitaka kujua kama kuna askari aliyemwangalia mdogo wangu muda wote kabla ya kupuliza. Baadaye nilielewa sababu: mtu akicheua au kutapika, kileo kinachobaki kinywani kinaweza kuipandisha namba ya mashine bila kuonyesha kilichomo kwenye damu, na ndiyo maana taratibu nyingi zinataka mtu aangaliwe kwa dakika 15 au 20 kabla ya kupimwa. Aliuliza tena mashine hiyo ilihakikiwa lini mara ya mwisho, na kumbukumbu za uhakiki huo ziko wapi.

Damu nayo ina maswali yake. Chupa ya sampuli hutiwa floridi ili vijidudu visitengeneze kileo kipya humo ndani, na lazima ijulikane ilipita mikononi mwa nani tangu mkononi mwa daktari hadi maabara. Kuna pia suala la muda, kwani kwa kawaida mwili huondoa kati ya miligramu 10 na 25 za kileo katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Kwa hiyo upande wa mashtaka ukipima saa kadhaa baada ya safari na kukadiria kiwango kwa kurudi nyuma, upana wa makadirio hayo unaweza kuwa ndio kesi yenyewe. Wakili asiyeweza kukueleza mambo haya kwa lugha nyepesi hatayaeleza vizuri mbele ya hakimu.

Kisha akaniomba nitoke nje. Nilitaka kukataa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nalipa, lakini alikuwa na hoja: katika nchi nyingi siri kati ya wakili na mteja inaweza kupoteza kinga yake iwapo mtu wa tatu yupo chumbani. Mshtakiwa anahitaji mahali pa kusema ukweli wote, pamoja na idadi halisi ya chupa na dawa alizokunywa siku hiyo, bila kuchungulia uso wa kaka yake.

Kuhusu ada, taka mkataba ulioandikwa unaosema malipo yanafika hatua gani. Je, yanajumuisha kesi ikisikilizwa hadi hukumu? Shahidi mtaalamu akihitajika, nani anamlipa? Rufaa je? Uliza pia ni nani hasa atakayesimama siku ya kesi, maana wapo wanaokupokea kwa tabasamu kisha wakamtuma kijana ambaye hajawahi kukuona. Anayekuahidi ushindi hafai. Na anayetaka ada inayotegemea ushindi katika kesi ya jinai anakupa sababu ya kuondoka, kwani katika maeneo mengi, Marekani ikiwemo, kanuni za mawakili zinakataza makubaliano ya namna hiyo.

Huenda ushahidi ni mzito na njia ya busara ni kukiri kosa. Hata hapo wakili ana kazi, na kwa maoni yangu ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Yeye ndiye atakayeandaa maombi ya kupunguziwa adhabu, atakusanya barua ya mwajiri na cheti cha kuanza ushauri nasaha wa ulevi, na atakuonya mapema kuhusu athari za hukumu kwa bima, kwa kazi ya udereva, au kwa kibali cha kuishi nchini kama wewe ni mgeni. Ikiwa kuna aliyeumia, mambo ni mazito zaidi, na usimkaribie majeruhi wala familia yake kabla wakili hajakuelekeza, hata kama nia yako ni kuomba radhi.

Asiye na fedha asikate tamaa kabla ya kuuliza. Uingereza na Wales, mtu aliyeshikiliwa kituo cha polisi ana haki ya ushauri wa kisheria bila malipo, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1972 kwamba hakuna anayeweza kufungwa jela, hata kwa kosa dogo, bila kupewa nafasi ya kuwa na wakili. Kwingineko kuna ofisi za msaada wa kisheria na kliniki za vyuo vya sheria. Baadhi yake hazichukui kesi za barabarani, lakini aghalabu zitakubali kuisoma hati ya mashtaka pamoja nawe na kukutajia mawakili wanaopokea malipo kwa awamu. Nenda huko na nakala za karatasi zote, zile za asili zibaki nyumbani, pamoja na maelezo yako ya tukio uliyoyaandika kumbukumbu zikiwa bado mbichi, yakiwa yameandikwa juu kwamba ni kwa ajili ya wakili wako.