Jibu: Doa la kahawia kwenye shati na jino moja, vinatuambia nini?

Mkuu, umeuliza mawili: doa la kahawia linathibitishwaje kuwa ni damu, na je, jino moja likiokotwa linaweza kutaja umri? Nianze na doa, maana huko ndiko kunakoharibika mengi.

Usikwangue doa zima. Kunja karatasi ya kuchujia upate ncha, gusisha kidogo ukingoni mwa doa. Weka tone la ethanoli, kisha tone la dawa ya Kastle-Meyer (fenolftaleini iliyoondolewa rangi kwa unga wa zinki), halafu subiri sekunde chache. Watu wengi wanaruka huku kusubiri. Rangi ya waridi ikitokea kabla hujaweka haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kipimo kimebatilika: kuna Jik, chumvi za shaba au kitu kingine kinachooksidisha. Baada ya peroksaidi, waridi itokee ndani ya sekunde chache tu. Ikichelewa dakika nzima usiihesabu, kwani hewa yenyewe huigeuza dawa hiyo rangi. Na kabla ya yote, ijaribu dawa kwa damu unayoijua na kwa karatasi tupu.

Hata hivyo, waridi maana yake ni "huenda ni damu". Vimeng'enya vya viazi na mimea mingine hutoa rangi hiyohiyo. Kuthibitisha, weka uzi mmoja wa doa kwenye kioo cha hadubini, dondoshea dawa ya Takayama (ina piridini, glukosi na sodiamu haidroksaidi), funika, pasha moto polepole. Ukiona fuwele za waridi zilizokaa kama manyoya, hiyo ni damu. Usipoziona, usiandike "si damu": doa kuukuu linaweza kugoma, na dawa ikichemka hukauka.

Ya mtu au ya mbuzi? Daktari Mjerumani Paul Uhlenhuth alionyesha njia ya kutofautisha mwaka 1901 kwa kingamwili. Siku hizi kuna kadi ya kutambua damu ya mtu, inayofanana na ile ya kupimia malaria. Mtego wake ni kwamba damu iliyokolea mno huizidi nguvu kadi, mstari hautoki. Zimua mara 10, kisha mara 100, urudie.

Shati likaushwe kivulini, liingie mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu, na kwa joto la Pwani bakteria watakula DNA kabla shati halijafika maabara.

Sasa jino. La mtu mzima lenye mzizi mmoja, tumia kanuni ya Lamendin (1992) ya kukadiria umri. Upande wa mdomoni, pima kwa milimita urefu wa mzizi, sehemu ambayo ufizi umeshuka, na sehemu ya mzizi inayopitisha mwanga ukiiweka juu ya taa. Mfano: mzizi 14, ufizi 2.8, uangavu 5.6. Geuza ziwe asilimia ya mzizi: 20 na 40. Umri = (0.18 × 20) + (0.42 × 40) + 25.53, yaani karibu 46. Angalia hiyo 25.53: kanuni haiwezi kamwe kutoa umri ulio chini yake, hivyo kijana wa miaka 19 utamzeesha bure. Kwa watoto na vijana piga eksirei, utazame mizizi na magego ya mwisho yamefikia wapi.

Na kwenye ripoti usiandike "miaka 46". Andika kati ya 36 na 56, yaani miaka kumi chini na kumi juu, maana haya ni makadirio tu.