Risasi ya sekunde moja, mguu wa siku tatu

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kura, mpwa wangu alikuwa Dar es Salaam chuoni. Vurugu zilipoanza huko bara intaneti ikakatika, nami niko Wete, simu mkononi imebaki ya kuangalia saa tu. Dada yangu, mamaake, alikuwa jikoni kwangu anapepeta mchele uleule mara ya tatu. Kijana alipopatikana hakusalimia. "Mjomba, moshi wa mabomu ya machozi ulinikuta njiani. Nikapaka dawa ya mswaki usoni, basi ndiyo kwanza ukawaka moto."

Dawa ya mswaki! Nilicheka, halafu nikaona haya. Mambo haya nayajua tangu nina miaka kumi na tisa na sikuwahi kumkalisha kitako nikamwambia. Kwetu Pemba habari za 2001 huzungumzwa matangani, tena kwa sauti ya chini, au hazizungumzwi kabisa. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili yake na wenzake, kwa kuwa najua ukimwambia kijana asitoke atakuitikia "ndiyo mjomba" na atatoka.

Kwa asiyekuwepo: uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 uliharibika, kura zikarudiwa kwenye majimbo 16 tu, CUF, chama cha upinzani, wakasusa. Jumamosi ya tarehe 27 Januari 2001 wafuasi wao wakaandamana, Pemba na Unguja, kudai uchaguzi mzima upya. Polisi wakapiga risasi za moto. Human Rights Watch walihesabu waliouawa wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilisema 31. Askari mmoja naye aliuawa na watu kule Micheweni, na hilo pia lisemwe. Watu kiasi cha 2,000 wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imetoa wake.

Sisi tulitoka kijijini baada ya sala ya alfajiri, mimi na mtoto wa ami yangu. Kijiji sikitaji, maana wengi bado wapo. Mikononi hatukuwa na kitu. Mzee mmoja alikuwa na mwavuli, na wengine makubadhi wameyavua wameyashika, njia ilikuwa na tope. Mjini hatukufika. Nilisikia mlio mkavu nikadhani mtu anapasua ubao. Ndugu yangu akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, akasema, "Nimejikwaa." Suruali yake ya kijivu ikaanza kuwa nyeusi juu ya goti.

Tulimfunga kwa kilemba cha yule mzee wa mwavuli, tukambeba kwa kupokezana, tukamficha kwa shangazi. Hapo ndipo tulipokosea, na ndiyo sababu hasa ya makala hii. Habari zilizoenea ni kwamba anayefika hospitali na tundu la risasi anakamatwa hukohuko kitandani. Tukaamua asubiri. Akasafishwa kwa maji ya chumvi, akapakwa majani, akasomewa. Siku ya kwanza alikuwa akizungumza, ya pili anatetemeka, ya tatu chumba kikatoa harufu. Usiku ule tukampakia kwenye mashua pamoja na watu tusiowajua, tukavuka. Daktari wa upande wa pili, mtu mpole, aliutazama mguu muda mrefu kisha akauliza ameumia lini. Tulipomwambia, akasema, "Mngemleta siku ileile angetembea vizuri tu."

Risasi ile ilikuwa ya sekunde moja, na hatukuwa na uwezo nayo. Zile siku tatu zilikuwa zetu.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ya mwanzo ni haya: panga ya baada kabla hujatoka. Mtu mmoja nyumbani ajue umekwenda wapi, na nani, na saa ngapi aanze kukutafuta. Namba yake iandike kwa kalamu ya wino mkononi, chini ya mkono wa shati. Simu hunyang'anywa, huzimika, huanguka mtaroni. Vaa viatu vya kufunga, achana na kandambili. Nenda na mwenzako mmoja mtakayetazamana, kwa sababu kundi kubwa halimjui mtu. Jueni pia hospitali ipi mtakimbilia na kwa gari ya nani. Tena msiseme "tutaona". Sisi tulisema "tutaona".

Hapa nitamwingiza mtu. Ninaye rafiki niliyesoma naye skuli, akaingia upolisi, akakaa miaka kadhaa FFU, kikosi cha kutuliza ghasia, akaacha. Tunakunywa kahawa baraza moja na ya zamani hatuyagusi mara nyingi. Safari hii nilimuuliza: wewe ukiwa upande ule, mtu wa upande huu atajuaje kama muda umekwisha? Akajibu bila kufikiri. "Ukiona tunavaa barakoa za gesi, usimuulize mtu, ondoka. Ukisikia kipaza sauti kinatoa ilani ya kutawanyika, usikae kubishana na kipaza sauti. Na wenye ngao wakirudi nyuma, wenye bunduki wakaja mbele, basi ulitakiwa uwe umeshafika kwenu."

Nikamuuliza juu ya mawe. Akanyamaza kidogo. "Jiwe la kwanza ndilo linalotupa sababu. Pengine bila jiwe tungepiga vilevile. Lakini likiruka, hakuna tena wa kutuuliza."

Sisi hatukurusha jiwe na tulipigwa, kwa hiyo simwambii mtu kuwa ukitulia utasalimika. Ninachosema ni kwamba jiwe la kwanza likipita juu ya kichwa chako, hata kama aliyelirusha humjui (na mara nyingi hajulikani katokea wapi), maandamano uliyoyajia yamekwisha na kinachofuata ni kitu kingine. Toka kwa ubavuni, kwenye uchochoro ulioukagua mapema, usirudi nyuma katikati ya njia kuu ambako wote watakimbilia.

Sheria je? Ipo, na si siri. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinasema askari hapigi risasi ila kuzuia hatari ya kifo au jeraha kubwa iliyo karibu kutokea, na hata mkusanyiko ukiwa wa fujo sharti hilo halilegezwi. Zinataka askari wapewe ngao, kofia ngumu na vifaa vingine ili wasilazimike kukimbilia bunduki. Nilipomsomea rafiki yangu hapo kwenye ngao alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kwao, alisema, hazikutosha hata mstari wa mbele. Kipengele kinachonichoma mimi ni kingine: nguvu ikishatumika, aliyeumia apatiwe matibabu mapema inavyowezekana, na jamaa zake waarifiwe. Kwa maneno mengine, hospitali ni haki ya aliyepigwa hata kama alikuwa na jiwe mkononi. Laiti tungelijua hilo kwa shangazi.

Jambo jingine linalochanganywa ni la kibali. Sheria ya Jeshi la Polisi inawataka waandaaji wa mkutano au maandamano watoe taarifa saa 48 kabla. Ni taarifa. Polisi wanaweza kuyazuia, nao huzuia sana, lakini anayekwambia kuwa kwenda barabarani ni kuomba ruhusa kama mtoto anayeomba kwenda kuogelea, hakuisoma. Muulize mwandaaji: taarifa mmepeleka? Mmejibiwa nini? Akibabaika, fikiria mara mbili kumfuata.

Sasa moshi, maana ndio unaowakuta wengi, na wasioandamana pia. Mei 2012, fujo za wakati wa Uamsho, ile jumuiya ya Kiislamu, nilikuwa Unguja nauza mashati karibu na Darajani. Mabomu ya machozi yakaangukia njia ya pili. Nilichofanya kila kitu kilikuwa makosa. Nililowesha taulo nikajisugua macho, na kusugua kunazidi kuiingiza kemikali ya moshi. Jirani akanipaka mafuta ya nazi, na mafuta huing'ang'aniza ile kemikali kwenye ngozi, ndiyo habari ya dawa ya mswaki vilevile. Nikakimbilia kwa wenyeji wangu Mji Mkongwe, tukafunga mlango wa chini, tukamlaza mtoto wao mchanga kwenye mkeka sakafuni tukidhani ndiko salama. Mtoto akaanza kukohoa kuliko sisi. Bibi wa nyumba, ambaye hakuwahi kusoma hata darasa moja, alimwangalia, akamnyakua, akapanda naye ngazi mpaka ghorofa ya juu, na huko mtoto akanyamaza. Moshi ule ni mzito kuliko hewa, hutuama chini na kwenye vichochoro vyembamba. Ukiupata panda juu, au elekea unakotoka upepo. Macho yaoshe kwa maji mengi safi yanayotiririka, kutoka pembe ya pua kwenda nje, bila kusugua. Lenzi za macho usivae siku hiyo. Nguo zivue kabla hujaingia chumbani, usizivue kwa kuzipitisha usoni, na usilale nazo. Mwenye pumu akae mbali kabisa, hana la kujaribu pale. Yale maji ya washawasha ya kwenye gari nayo ni vivyo hivyo: vua, osha kwa maji mengi na sabuni.

Risasi zikisikika ukiwa ndani, lala chini mbali na dirisha, nyuma ya ukuta wa matofali au mawe. Udongo na fito havizuii risasi, wala bati. Usitoke kuchungulia. "Wanapiga hewani" si maneno ya kukutuliza, kwani kilichopanda kitashuka, na kwetu mapaa ni ya bati na makuti.

Mtu akipigwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kwa uzito wako wote, usifunue kila dakika kuangalia. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka, funga juu ya jeraha kwa kitambaa kipana, kaza kwa kijiti mpaka isimame, na uandike saa uliyofunga. Usichokonoe risasi. Usitie majivu, kahawa wala chumvi. Mpeleke.

Hospitali wataulizia PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. Waambie, kwa adabu lakini bila kuyumba: matibabu kwanza, fomu inafuata. Asiende kijana peke yake na majeruhi; aende mama mtu mzima, na sheha, yaani kiongozi wa mtaa, kama ni mtu wa kuaminika (wapo). Ukihofia mtu wako atachukuliwa, asikose wa kukaa naye usiku na mchana, na watafuteni mawakili mapema. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kina ofisi Unguja na Pemba. Majeruhi anayeangaliwa na watu wanne si rahisi kupotea.

Na jina, jamani. Kule ng'ambo tulimwandikisha ndugu yangu kwa jina la uongo, kwa woga uleule. Muafaka wa CCM na CUF ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, wakimbizi wakarudi, tume ya Mbita ikaanza kukusanya ushahidi. Akatafuta karatasi zake. Anazo: tarehe ya kulazwa, picha ya mfupa, muhuri, saini ya daktari, kila kitu, ila mgonjwa ni mtu asiyekuwepo duniani. Alizikunja akazirudisha kwenye mfuko wa rambo, hakwenda. Ndiyo maana nikisikia watu wanagombana kama waliokufa ni 31 au 35 huwa sina hamu ya kuingia. Sisi tulifuta mmoja wetu katika hesabu ya majeruhi kwa mikono yetu wenyewe.

Basi toa jina lako la kweli. Piga picha jeraha siku ileile, kwa mbali na kwa karibu, na kitu kingine pembeni kuonesha ukubwa wake. Omba nakala ya kila cheti, nyingine iwe kwa mtu wa mbali. Andika usiku huohuo, kabla hujasikia masimulizi ya wenzako: mahali, saa, nini ulikiona kwa macho yako, sare ya rangi gani, gari la namna gani. Usiandike ulichosimuliwa, kwa sababu mtu atakuja kukipangua hicho kimoja na vingine vyote vitaanguka nacho.

Desemba kijana alikuja nyumbani. Karafuu zilikuwa zimeanikwa uwanjani, na ndugu yangu yupo pale penye jamvi kama kawaida yake, mguu mmoja ameunyoosha, anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu. Juu ya mkarafuu hajapanda tangu mwaka ule. Wenziwe wanachuma, yeye anachambua. Mpwa wangu alikaa karibu naye, akachukua fungu, akaanza kuchambua pia, vibaya, anakata na vichwa. Walifanya hivyo mpaka kivuli kikahama. Kisha nikamsikia anasema, "Mjomba, naomba nione."

Ndugu yangu alifuta mikono kwenye shuka yake, akaipandisha mpaka juu ya goti.