Fyuzi ya transfoma ya taa

SWALI: Nipo Chake Chake. Transfoma yangu ya volti 230 kwenda 12 imeandikwa VA 60 (volti mara ampea). Bila mzigo mita inaonesha volti 13.2, nikiwasha taa 3 za wati 20 zinashuka hadi 12. Je, ni mbovu? Upande wa 230 nimeweka fyuzi ya ampea 5.

JIBU: Nzima kabisa, ndugu. Volti 12 ni za mzigo kamili: 60 gawa kwa 12, ampea 5. Zile 1.2 zimeliwa na ukinzani wa koili, kama omu 0.24. Ukifikisha taa 5, mkondo utakaribia ampea 8, volti zitashuka hadi 11.3 hivi, na joto la koili litapanda kutoka wati 6 hadi 15, kwani hufuata mraba wa mkondo. Hapo vanishi, ile rangi inayofunika waya wa koili, huanza kunuka.

Kinachotutia hofu ni hiyo fyuzi. Upande wa 230 mkondo ni ampea 0.26 tu, koili inaweza kuungua na fyuzi ya 5 isikatike. Chomoa plagi, weka ya miliampea 315 yenye herufi T, yaani ya kuchelewa kukatika. Transfoma ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo mno, na fyuzi ya haraka ingekatika bure.