Kabla ya Kuusoma Mswada wa Voynich, Kubalianeni Mnachokiona

Katika mwezi wa tatu wa kazi ya kikundi chetu, mimi na mwenzangu mmoja tulinukuu ukurasa uleule wa mswada wa Voynich, kitabu cha kale ambacho hakuna aliyefaulu kukisoma, kila mmoja nyumbani kwake, kisha tukalinganisha. Picha tuliyoitazama ilikuwa moja, ile ambayo maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale imeiweka wazi kwa kila anayeitaka. Hata hivyo hesabu yangu ya maneno ilizidi yake kwa 11, na katika mstari mmoja tu tulipishana kwenye herufi nne. Hatukuwa wazembe. Mwandishi wa hati hii hakuacha nafasi zilizo sawa baina ya maneno, na baadhi ya herufi zake hutofautiana kwa kitu kidogo mno, kama vile mviringo uliofungwa na mviringo uliobaki wazi kwa unywele. Siku ile ndipo nilipotambua kwamba kikundi ambacho hakijakubaliana juu ya kile kinachoonekana ukurasani hakina cha kusoma, na kwamba mimi, niliyejiita mratibu, nilikuwa nimewaanzisha wenzangu kazi kutoka mwisho.

Kwa asiyeufahamu, mswada huu ni kitabu kidogo chenye urefu wa sentimita 23 hivi na kurasa zipatazo 240 za ngozi ya ndama. Kina michoro ya mimea ambayo wataalamu wa mimea hawakubaliani ni ipi, duara za nyota, na wanawake walio uchi wakioga katika madimbwi ya kijani. Maandishi yake hayafanani na hati nyingine yoyote inayojulikana. Mfanyabiashara wa vitabu Wilfrid Voynich alikinunua kwa Wajesuiti karibu na Roma mwaka 1912, na Yale wamekuwa nacho tangu 1969, kwa namba MS 408. Vipimo vya kaboni vilivyofanywa katika Chuo Kikuu cha Arizona vilionyesha kwamba ngozi yake ni ya kati ya miaka 1404 na 1438. Vipimo hivyo ni vya ngozi, wala si vya wino, na huo ni ukumbusho ninaolazimika kuurudia kila anapojiunga mtu mpya.

Nilifika kwenye mswada huu kwa njia ya pembeni. Kwa miaka mingi nimekuwa nikinukuu barua na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kazi ambayo humfundisha mtu unyenyekevu. Katika hati hizo za zamani herufi ba ilibeba sauti za b, p na hata mb, kwa hiyo neno moja fupi laweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba, na msomaji huamua kwa kuangalia habari inazungumzia nini. Nikikosea, sentensi yenyewe hunirudisha njiani, kwa kuwa lugha naijua. Kwenye mswada wa Voynich hakuna wa kukurudisha. Ukiandika herufi isiyo sahihi leo, kosa hilo litaingia katika hesabu za kesho, na keshokutwa mtu atalijengea nadharia.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni kuchagua unukuzi mmoja, yaani namna moja ya kuziandika alama za mswada kwa herufi na tarakimu tulizozizoea, na kuulinda. Wengi hutumia alfabeti ya EVA, iliyobuniwa na René Zandbergen na Gabriel Landini katika miaka ya 1990, ambayo hukata herufi katika vipande vidogo. Kabla yake Prescott Currier, mtaalamu wa maandishi ya siri aliyetumikia jeshi la majini la Marekani, alikuwa na alfabeti yake iliyounganisha vipande hivyo. Neno linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine huandikwa daiin kwa EVA, herufi tano, lakini kwa Currier ni 8AM, alama tatu. Hakuna alfabeti iliyo batili kati ya hizo, ila anayepima urefu wa maneno, au jinsi herufi moja inavyotabirika kutokana na iliyoitangulia, atapata majibu tofauti kabisa akitoka kwenye moja kwenda nyingine. Sisi tulikaa wiki mbili tukisherehekea muundo mzuri wa viambishi, kabla ya kugundua kwamba watu wawili walikuwa wakihesabu kutoka katika mafaili mawili yaliyokuwa na jina moja. Mmoja wao alikuwa amesahihisha nakala yake kimyakimya kwa nia njema. Tangu hapo faili letu lina namba ya toleo na tarehe, na anayetaka kubadilisha hata nukta huandika sababu ili mwingine aithibitishe.

Mtu asione aibu ya kuandika shaka. Katika unukuzi wa EVA nukta huonyesha nafasi iliyo wazi baina ya maneno, na mkato huonyesha nafasi ambayo mnukuzi hana hakika nayo. Wanukuzi wetu wa mwanzo waliiona mikato kama kukiri udhaifu na wakaiepuka, hali iliyofanya ukurasa uonekane safi kuliko ulivyo.

Jambo la pili ni namna ya kugawana kazi, na hapa nilikosea kwa muda mrefu zaidi. Niliwagawa watu kwa nadharia zao: wanaoamini ni Kilatini kilichofichwa huku, wanaoamini ni lugha ya kubuni kule, na wanaodhani ni maneno matupu yasiyo na maana kwenye kona yao. Matokeo yake kila kundi lilitafuta ushahidi wa upande wake na kufumbia macho uliobaki. Ni afadhali kugawana maswali ambayo jibu lake halimpi mtu yeyote ushindi. Nani ameandika ukurasa huu? Rangi imepita juu ya wino au chini yake? Karatasi hizi zilifuatana hivi tangu mwanzo?

Maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa maarifa yaliyodumu. Mwaka 1976 Currier alionyesha kwamba kurasa zimegawanyika katika aina mbili za maandishi, ambazo aliziita A na B, zenye takwimu tofauti, na kwamba mwandiko haukuwa wa mtu mmoja. Mwaka 2020 Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa miandiko ya kale, alichapisha uchambuzi unaotambua waandishi watano. Anayechanganya kurasa zote katika kapu moja na kutoa wastani anapima kitu ambacho labda hakijawahi kuwapo. Vilevile namba za karatasi, yaani za kila jani la ngozi lenye upande wa mbele na wa nyuma, ambazo hufika 116 ingawa kadhaa hazipo, ziliongezwa baadaye, na kuna dalili kwamba karatasi zimewahi kushonwa upya kwa mpangilio usio wa asili. Kwa hiyo akija mtu na grafu inayopanda polepole kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, muulize kwanza ni nani aliyemhakikishia kwamba wa kwanza ni wa kwanza.

Tatizo la tatu ni usiri, na sitalitaja kwa upole. Watu huogopa kuibiwa wazo. William Friedman, bingwa wa kufumbua maandishi ya siri nchini Marekani, alitoa maoni yake kuhusu mswada huu mwaka 1959 kwa sentensi iliyovurugwa herufi, na ufumbuzi wake ukafichuliwa mwaka 1970, baada ya yeye kufariki. Ilibainika kwamba alidhani ni jaribio la mapema la kuunda lugha ya kubuni. Namheshimu sana mzee huyo, lakini miaka kumi na moja ni mingi kwa wazo ambalo wengine wangeweza kulijaribu. Katika kikundi chetu kila wazo huandikishwa kwenye daftari la pamoja kwa jina na tarehe kabla ya kujadiliwa, na malalamiko ya kuibiana yamepungua sana, ingawa sithubutu kusema yamekwisha.

Daftari hilohilo ndilo linalotunza majaribio yaliyoshindwa, na nikiambiwa nibakize kanuni moja nitabakiza hii. Picha za mianga maalumu zilizopigwa kwenye kurasa chache mwaka 2014 na kutolewa kwa umma mwaka 2024 zilionyesha, pembeni mwa ukurasa wa kwanza, safu za herufi zilizofifia ambazo macho hayakuweza kuzisoma. Mtu alikuwa amejaribu kulinganisha alama za mswada na alfabeti ya Kilatini. Davis ameona kwamba mwandiko huo unafanana na wa Johannes Marcus Marci, tabibu wa Prague aliyempelekea Athanasius Kircher, msomi Mjesuiti wa Roma, mswada huu katika karne ya 17. Kama ni yeye, Marci hakutuachia maelezo ya kwa nini mpango wake ulikwama, na watu wasiohesabika wamejaribu kubadilisha herufi kwa herufi tangu wakati huo, wakikwama palepale.

Wageni wanaokuja na jibu kamili mkononi wapokeeni kwa adabu, kisha muwape mtihani mmoja: waandike kanuni zao, halafu mtu wa pili azitumie peke yake kwenye ukurasa ambao hawajauona. Akitoka na maneno tofauti, hizo si kanuni. Siku hizi wengi huja na tafsiri ndefu walizotengenezewa na programu za akili mnemba, zenye ufasaha wa kupendeza, nasi huwatendea vivyo hivyo. William Newbold, profesa wa falsafa wa Pennsylvania, alitangaza mwaka 1921 kwamba ameona vijistari vya siri ndani ya kila herufi kwa hadubini. Rafiki yake John Manly ndiye aliyeonyesha mwaka 1931 kwamba vijistari hivyo ni wino uliopasuka ulipokauka juu ya ngozi yenye mikwaruzo. Newbold alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Najitahidi kumpa kila mwanakikundi Manly wake akiwa bado hai, na kabla waandishi wa habari hawajafika. Mwaka 2019 chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilitangaza ufumbuzi na siku chache baadaye kikajitenga nao.

Kuhusu watu kuondoka, jiandaeni mapema, kwa kuwa wataondoka. Friedman alikusanya kikundi cha wataalamu mwaka 1944, wakafanya kazi baada ya saa za ofisi na kuingiza maandishi kwenye kadi za kutobolewa, kisha vita vikaisha na kila mtu akaenda zake. Hawakufumbua chochote. Unukuzi wao, hata hivyo, ulikuja kupatikana katika karatasi za Friedman na kuingizwa kwenye kompyuta, na hadi leo tunaulinganisha na wetu. Mwenzangu yule wa maneno 11 alituaga mwaka jana baada ya kupata mtoto. Aliacha kurasa 38, kila moja ikiwa na mikato yake yote, pamoja na karatasi moja inayoeleza ni mviringo upi aliouhesabu kuwa wazi na upi kuwa umefungwa.