Usipime kitenzi cha Kiarabu kwa Kiswahili chake

SWALI: Ustadhi, nilifundishwa kwamba fiili, yaani kitenzi, ikikubali swali "nini?" au "nani?" kwa Kiswahili, basi ni mutaaddi, yaani huchukua mtendwa moja kwa moja. Nikaandika ihtajtu kitaaban, "nilihitaji kitabu", na mwalimu wangu wa sasa akanikosoa. Kosa liko wapi?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Ihtaaja ni laazim, yaani haichukui mtendwa moja kwa moja. Haikifikii kitu chake mpaka ivushwe na harfu jarri, kineno kama ilaa au bi: ihtajtu ilaa kitaabin. Lawama ni ya aliyekupa kipimo hicho. Kila muhula nasahihisha madaftari yaliyojaa kosa hilihili, na sisi Waswahili ndio tunaoumia zaidi, maana neno tumelichukua kwa Waarabu, harfu yake tukaiacha hukohuko.

Tazama "kuamini". Sisi husema "namwamini Mungu", moja kwa moja. Kiarabu ni aamantu billaahi, na ile baa (bi) si pambo. Iondoe, fiili inakuwa mutaaddi na maana inahama: katika Suratu Quraysh, wa aamanahum min khawf ni "akawapa amani wasiwe na hofu". Hakuna habari ya kuwaamini pale. Na kinyume chake kipo: "nilifika mjini" haina mtendwa kwetu, lakini Mwarabu husema balaghtul-madiinata, na mji ni mafuulun bihi, yaani mtendwa.

Kipimo cha kweli kiko ndani ya Kiarabu chenyewe. Ibn Malik, mwanasarufi aliyefariki Damascus mwaka 1274, amekitaja katika Alfiyya, shairi lake la sarufi: mutaaddi hukubali kuungwa na dhamiri ha (kiwakilishi, kama -hu) inayorejea kwa kitu kisichokuwa masdari yake, yaani jina la kitendo chenyewe. Al-kitaabu qara'tuhu, "kitabu nimekisoma", sawa. Kwa ihtaaja utalazimika kusema ihtajtu ilayhi. Jaribu pia isimu mafuuli, jina la kilichotendwa: maktuub, "kilichoandikwa", inasimama peke yake, lakini muhtaaj ilayhi, "kinachohitajiwa", haiachani na harfu yake. Wala usihadaike na fat-ha, irabu ya "a", ya mwishoni. Katika nimtu laylan, "nililala usiku", laylan ni dharfu tu, yaani inataja wakati.

Wapo pia wanaofundisha kwamba ukitia hamza (ile "a" ya ziada) mwanzoni, laazim yoyote inageuka mutaaddi. Kharaja, "alitoka", na akhraja, "alitoa", ndiyo. Lakini qad aflahal-mu'minuun, "hakika wamefaulu waumini", ina hamza, na mafuulun bihi hayupo.

Kinachonikera hasa ni zile orodha za fiili zinazosambazwa kwenye simu, kila fiili na maana moja ya Kiswahili, harfu hakuna. Humo raghiba ni "kutaka", basi. Ikija na fii, ni kutaka kweli. Ikija na an, ni kukipa kitu mgongo. Sasa mtu aliyehifadhi orodha ile afungue Suratul-Baqara, aya ya 130, wa man yarghabu an millati Ibraahiim: ataelewa kwamba haitaki mila ya Ibrahimu ila mpumbavu, na aya inasema haikatai ila mpumbavu.