College Credit Plus ya Ohio: GPA ya 2.75 inatosha, ila angalia haya kwanza

Ukiishi Columbus, Dayton au Akron na una mtoto sekondari, huenda umeshasikia kwamba mtoto wa jirani anasoma chuo akiwa bado darasa la 11. Ni kweli. Mpango unaitwa College Credit Plus. Ulianza mwaka wa masomo wa 2015–16, na mwanafunzi wa darasa la 7 hadi la 12 anaweza kuchukua kozi ya chuo ikahesabiwa kotekote, kwenye diploma ya sekondari na kwenye rekodi ya chuo. Akiwa shule ya umma na chuo kikiwa cha umma, mzazi halipi ada, na vitabu vinalipiwa na wilaya ya shule.

Kikwazo kilikuwa mtihani. Kwa ACT, mtihani wa kuingia chuo, kwa mfano, huhitajika 18 ya Kiingereza, au 22 ya hesabu au ya kusoma. Mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mitatu iliyopita anaweza kuwa na akili nzuri kabisa na bado akashindwa, kwa sababu saa inakwisha hajamaliza kusoma vifungu. Sasa kuna njia ya pili: GPA, yaani wastani wa alama (A ni 4, B ni 3), ya jumla ya 3.0, isiyoongezewa uzito wa masomo magumu. Akiwa na 2.75 lakini hajafika 3.0, anakubaliwa iwapo alipata A au B katika somo la sekondari linaloendana na kozi anayoitaka. Kwa familia zetu, mlango wenyewe ndio huo.

Kwa hiyo pigeni hesabu mapema. Mwanafunzi aliye katikati ya darasa la 10, mwenye krediti 9 na GPA ya 2.6, akipata B tupu katika krediti 3 za muhula unaofuata atafika 2.70 tu. Akipata B mbili na A moja anafika 2.78. Tofauti ni A moja, na kwa watoto wengi wa kwetu A hiyo hutoka kwenye hesabu, si kwenye insha.

Barua ya nia ya kushiriki inatakiwa shuleni kufikia 1 Aprili kwa mwaka wa masomo unaofuata. Ipelekeni hata kama GPA haijafika. Haimfungi mtoto kwa lolote, lakini mkichelewa mtamwomba mkuu wa shule kibali. Barua hiyo si maombi ya chuo. Maombi yanatumwa chuoni kwenyewe, na tarehe zake ni nyingine. Shule pia huitisha kikao cha maelezo. Ombeni mkalimani wa Kiswahili siku kadhaa kabla. Shule ya umma inapaswa kuwapa wazazi taarifa kwa lugha wanayoielewa, kwa hiyo msikubali mtoto ndiye awe mkalimani wenu.

Kukubaliwa kwenye mpango hakumfungulii mtoto kila darasa. Chuo bado kinaweza kumpa mtihani wa kumpanga kabla ya kumwingiza kwenye aljebra ya chuo. Krediti 15 za mwanzo lazima zitoke katika kozi za ngazi ya kwanza. Idadi ya krediti za chuo kwa mwaka nayo ina kikomo: hesabu masomo ya sekondari pekee ya mwaka huo, zidisha kwa 3, kisha toa jibu kwenye 30. Mwenye masomo manne ya mwaka mzima anabakiwa na krediti 18.

Asizimalize zote. Kozi moja ya krediti 3 inatosha kwa muhula wa kwanza, na tungependa iwe ile inayofundishwa ndani ya jengo la sekondari kama ipo. Kozi ya wiki 16 hudai saa 3 darasani na takriban 6 za kusoma nyumbani kila wiki. Kozi hiyohiyo ikibanwa wiki 8, saa zinakuwa mara mbili. Makaunsela wengine huisifu ile fupi kwa kuwa "inaisha haraka". Inaisha haraka kweli, pamoja na GPA.

Mambo yakienda vibaya, tarehe ndiyo inayoamua. Mwanafunzi ana siku 14 za kalenda tangu masomo yaanze kuacha kozi bila gharama kwa wilaya. Baada ya hapo kuna W (aliacha kozi) au F (alifeli) kwenye rekodi, na wilaya inaweza kuidai familia gharama za kozi. Sheria inaziondolea deni hilo familia zenye kipato kidogo, mradi mtoto ametambuliwa hivyo shuleni. Hakikisheni fomu ya chakula cha shule imejazwa, maana ndiyo huonyesha kipato chenu.

Deni linaweza kufutwa, F haifutiki. Akiomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo miaka miwili baadaye, chuo kitaangalia kama anafaulu kwa kasi inayotakiwa, kwa kawaida GPA ya 2.0 na asilimia 67 ya krediti alizojaribu. Zile W na F za umri wa miaka 16 zinaweza kuingia humo.

Halafu, mama akimwandikia mwalimu wa chuo kuuliza alama, huenda asijibiwe. Chuoni haki ya rekodi ni ya mwanafunzi hata kama hajafika miaka 18. Mtoto asaini idhini ya kumpa mzazi taarifa kwenye ofisi ya usajili, wiki ya kwanza.

Akimaliza sekondari na kuomba chuo kingine, rekodi ya sekondari peke yake haitoshi. Aagize rekodi rasmi kutoka kila chuo alichosoma. Kozi zilizo kwenye orodha ya Ohio Transfer 36 zinapokelewa na vyuo vya umma vya Ohio. Nje ya jimbo kila chuo kinaamua chenyewe, na mara nyingi kitaitisha silabasi, kwa hiyo atunze nakala ya kila moja tangu siku aliyopewa.